Vidonge vya Nyumba Nzima

Wapo watakaosoma haya wakiwa kwenye benchi la hospitali, khanga wameikunja magotini, wakimwomba Mungu asipite mtu wa kwao. Hao ndio ninaowaandikia. Ninyi wengine mnaweza kusoma pia, ila msichungulie sana.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kushona, nikaolewa kijijini Namswea, nikaweka cherehani barazani, na tangu hapo dunia ikawa inanifuata yenyewe ikiwa na vitambaa vyake mkononi. Safari zangu zilikuwa mbili, ya kisimani na ya kanisani, na ile ya kisimani nilikuwa naitafutia mtu wa kunisaidia. Stendi ya Mbinga mjini naiogopa mpaka leo. Wifi yangu Editha, mdogo wake mume wangu, alinibandika jina la Kizingiti.

"Kizingiti, hujambo? Leo umetoka, au ni jua ndilo limeingia ndani?"

Nilikuwa nacheka. Nilikuwa na mwili wa kucheka wakati huo.

Kwa hiyo mtu akitaja magonjwa ya zinaa, nadhani sura inayokujia siyo ya mwanamke kama mimi, ambaye hata mnadani hutuma mtu. Mimi pia haikunijia. Bango lililobandikwa ukutani pale zahanati nililisoma lote, mpaka mstari wa mwisho, nikasikitika kwa ajili ya wanaohusika. Sikujua kwamba ugonjwa huu haukulazimishi kutoka. Unaletewa mpaka mlangoni, na anayeuleta unampokea mzigo na kumwekea maji ya kuoga.

Mume wangu anaitwa Otmari. Huteremka ziwani na maharage na mahindi, na hupanda na usipa, hawa dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Samaki wakiwa wachache hukaa Kihagara, kule ufukweni, hata wiki mbili akisubiri. Sikuwahi kumuuliza anakaa vipi huko. Nilijua ana chumba. Mtu wa nyumbani akisikia neno chumba, anapiga picha ya kitanda na ndoo, basi.

Mwaka ule mvua zilipokolea na sisi tulikuwa tunapalilia mahindi kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, nikaanza kuumwa chini ya kitovu. Kukojoa kulikuwa kama kupitisha pilipili. Kukawa na uchafu pia, wa rangi ambayo haikuwa yangu, nikawa nafua nguo za ndani giza likianza kuingia ili Editha asione. Nilijitibu kwa maelezo: ni kukaa sana kwenye cherehani, ni baridi, ni yale maharage ya juzi. Nina kipaji cha maelezo.

Nilimwambia Otmari kwenye simu kwamba tumbo linasumbua. Hakuniuliza linauma wapi. Halafu akasema, "Nitakuletea dawa."

Dawa ikaja na gari la samaki, ndani ya furushi la usipa. Vidonge vya rangi mbili, vingi, kwenye mfuko wa karatasi. Ujumbe ulikuwa wa mdomo: za Winfrida, za tumbo.

Hapa lazima nieleze nyumba niliyoolewa. Kwetu Umatengoni, wanaume wa ukoo na watoto hula pamoja kwa mzee, na hapohapo, mikono ikiwa na ugali, ndipo mambo ya nyumba huongelewa na kuamuliwa. Tunaita sengu. Kwa baba mkwe wangu sengu bado ipo, haijafa kama kwa wengine. Na pale ambapo wanaume wanakula sahani moja, kuna mwanamke jikoni anayehakikisha sahani hiyo inatosha. Kwetu ni mama mkwe. Kila kinachoingia nyumbani hupitia mikononi mwake: sukari, sabuni, nyama ya sikukuu, na furushi la samaki. Neno lake ni moja: "Nyumba hii hakuna anayekula amegeukia ukutani."

Basi jioni ile akavimimina vidonge kwenye sahani ya bati.

"Baba yenu ana kidonda mguuni tangu kahawa ya mwaka jana, hakikauki. Winfrida ana tumbo. Editha anakohoa."

"Mama, mimi kifua kimepona," Editha akasema.

"Kitarudi. Meza."

"Dawa ya tumbo nimeze kwa kifua?"

"Tumbo na kifua ni majirani. Meza, mwanangu, hii ni dawa ya hospitali, si majani."

Akamkumbuka na mama wa nyumba ya jirani aliyekuwa na jino linalouma, akamtengea. Kisha akanigeukia. "Na wewe mwenye mali, haya, chukua hizi." Vilikuwa vya siku mbili. Nikavipokea kwa mikono miwili na kusema asante, mama. Nilijiona ninapendwa. Na ni kweli nilikuwa ninapendwa, ndiyo maana mpaka leo sijui hasira hii niipeleke wapi.

Maumivu yalipungua. Wiki moja, mbili. Halafu yakarudi, ila kwa adabu, kama mgeni aliyesahau fimbo yake. Otmari aliporudi aliniuliza, "Ulimeza dawa?" Nikasema, "Nilimeza." Aliuliza kifupi, nami nikajibu nilichoulizwa. Kidonda cha baba mkwe kilikauka kabisa, na nyumba nzima tukaisifu ile dawa.

Nitaruka miezi, maana haikuwa na kitu. Nilikuwa naumwa kidogo, nashona kidogo, namsubiri mtoto sana. Tulikuwa tumekaa kwenye ndoa muda wa kutosha watu kuanza kuniangalia tumboni kabla ya kuniangalia usoni.

Kahawa ilipoanza kuiva, siku zangu zikapita bila kuona chochote. Sikumwambia mtu. Lakini harufu ya usipa wa kukaanga ikaanza kunitoa nje mbio, na mama mkwe, bila kusema neno, akaacha kuukaanga. Akawa anatupikia kisamvu, nyumba nzima, kwa ajili ya pua yangu. Kwenye sala ya usiku akaongeza Salamu Maria moja ambayo hakuisemea nia. Tulijua wote.

Nilianguka tukiwa tunachuma. Kwanza ulikuja mchomo upande wa kushoto, kama mtu amechoma sindano ya gunia na kuiacha humo. Kisha bega likaniuma, jambo lililonishangaza, maana bega halikuwa na kosa. Kisha kahawa zote nyekundu zikawa nyeusi. Editha alinipandisha kwenye pikipiki katikati, dereva mbele, yeye nyuma amenikumbatia, na njia nzima mpaka Mbinga alikuwa akinisemesha sikioni.

"Usilale. Kizingiti, usilale. Ukifa hapa nitamwambia nini mama? Nitamwambia nimekuangusha? Ongea, hata nitukane."

Nilimwambia, "Unanibana." Anasema hilo ndilo neno tamu kuliko yote niliyowahi kumwambia.

Mimba ilikuwepo. Ila ilikuwa imetunga kwenye mrija, nje ya kizazi, na mrija ulikuwa umepasuka, damu ikawa inamwagikia tumboni. Walinipasua, wakautoa mrija pamoja na kilichokuwemo, wakaniongezea damu ya watu nisiowajua. Nilipozinduka nilikuwa kitanda kimoja na mama mwingine, yeye kichwa huku na mimi kichwa kule, miguu yake karibu na shavu langu. Mama yule alinipa nusu ya khanga yake nijifunike, maana yangu ilikuwa imeharibika. Alikuwa ametoka kujifungua. Usiku mtoto wake alilia, na maziwa yangu, ambayo hayakuwa na habari kwamba kazi imefutwa, yakachoma.

Hilo hakuna aliyeniambia. Nakuambia wewe, lisikukute ghafla: mwili huchelewa kupata taarifa.

Nesi wa zamu alikuja na maswali. Mwanamke mnene, sauti ya chini, alivuta pazia ijapokuwa pazia lenyewe lilikuwa limebaki nusu.

"Dada, umewahi kutibiwa magonjwa ya zinaa?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi hata sokoni siendi."

"Sikuuliza kuhusu soko."

"Nina maana, mimi ni mtu wa nyumbani."

"Nimekuelewa. Na mwenzako naye ni mtu wa nyumbani?"

Nikaangalia juu, kwenye dari. Dari ilikuwa na alama ya mvua yenye umbo la sufuria.

Akanieleza kwa lugha ya kawaida. Kwamba yapo magonjwa ambayo yakikaa ndani bila kutibiwa, au yakitibiwa nusunusu, yanapanda juu mpaka kwenye mirija na kuiachia makovu, na yai likipita hapo linakwama. Hakuniuliza nani kaleta. Nilipomuuliza mimi, alisema, "Sisi hapa hatumtafuti aliyeleta. Tunatafuta ugonjwa uliko sasa, tuutoe kwa wote. Mumeo akija, mje wote."

Otmari alifika kesho yake, nguo zinanuka ziwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, yule mama mwenzangu akajifanya amelala. Nilimwambia alichosema nesi. Hakubisha. Mtu asipobisha, inauma zaidi.

"Zile dawa," akasema, "zile za tumbo. Mimi niliugua kwanza. Nilikwenda kituo cha afya huko chini, nikachomwa sindano, nikapewa na vidonge. Wakaniambia nikulete."

"Uliambiwa unilete?"

"Niliambiwa."

"Ukaona?"

"Nikaona aibu. Nikanunua vilevile duka la dawa, nikakutumia." Kisha akanitazama kama mtu anayehesabu hesabu iliyokataa. "Lakini si ulimeza? Si uliniambia ulimeza? Ungepona."

"Nilimeza vya siku mbili."

"Na vingine ulivipeleka wapi?"

"Vingine alimeza baba yako. Kidonda kilipona, hukukiona?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, mshono ukavuta, nikalia kwa ajili ya mshono. Yule mama aliyejifanya amelala akanifuta uso kwa pindo la khanga yetu.

Nilikuwa na swali moja la mwisho na sikutaka jina. "Huyo wa huko. Alimeza?"

"Nani?"

"Otmari," nikamwita, "unajua ninayemsema."

Akainamisha kichwa. "Yeye alikwenda mwenyewe kituoni. Alimeza vyote."

Bila shaka alimeza vyote. Anaishi peke yake. Hakuwa na wa kumgawia.

Nilipopata nguvu za kukaa, tulitibiwa pamoja. Benchi la huduma hiyo liko kwenye korido ileile ya kliniki ya wajawazito, kwa hiyo wewe unayekwenda kutibiwa matokeo ya usiri unakaa ukiangaliana na matumbo. Wanaume walikuwa wachache, wamevuta kofia. Otmari alijifanya anasoma bango. Nesi yuleyule alitupa sindano, akatupa vidonge vya siku ile na maji, na akasimama mbele yetu.

"Mezeni niwaone."

"Nesi, sisi ni watu wazima," Otmari akasema.

"Hao ndio ninaowaogopa."

Vilivyobaki alivifunga mara mbili, pakiti ya kwangu na pakiti ya kwake, na kila moja akaiweka mkononi mwa mwenyewe. Akasema turudi vikiisha, na tusikutane kimwili mpaka arudie kutuona. Hilo la mwisho halikuwa gumu. Otmari alikuwa amehamia kwenye mkeka wa sebuleni, na mimi sikumwita.

Mimi na Otmari tulikubaliana tuwaambie wa nyumbani kwamba haikuwa mimba, nilikuwa na uvimbe. Ni neno zuri, uvimbe, halimshitaki mtu. Mama mkwe alinihudumia kama mzazi mpya: uji, maji ya moto, vitambaa vyangu vya damu anafua mwenyewe na kuvianika nyuma ya nyumba chini ya shuka, visionekane. Mgongo wake ukiwa umeinama kwenye beseni, ndipo nilipokuwa namchukia na kumpenda kwa pamoja mpaka nikawa nachoka. Vidonge vyangu nilivificha ndani ya mto wa cherehani, pamoja na sindano. Nilivimeza nimegeukia ukutani.

Mwili haukurudi. Magauni niliyojishonea yakawa ya mtu mwingine. Niliyapunguza, yakapwaya tena. Kukanyaga cherehani kulivuta kovu, kwa hiyo nikawa nashona kwa mkono wa kulia nikizungusha gurudumu, polepole, na wateja wakaanza kwenda kwa fundi wa Mpepai. Usiku nilikuwa na ulimi mkali. Otmari akisema "umelala?" nami nasema "muulize wa huko." Akisema "pole," nasema "gawa na wengine." Utani wangu uliokuwa ukiwachekesha watu barazani ukawa na meno. Akipanda kutoka ziwani ananiletea samaki mzuri, mbasa mzima, na mimi namwacha mpaka anaoza. Haikunipa raha. Naiandika ili ukijikuta unafanya hivyo ujue si wewe wa kwanza, na ujue haikupi raha.

Mvua zikaja, zikapita. Kahawa ikachanua nyeupe mlima mzima, harufu yake ikaniudhi. Hakuna mtoto. Daktari wa Mbinga akasema tuangalie mrija uliobaki, na kipimo hicho kinafanyika Songea: wanapitisha dawa ya maji kwenye kizazi, wanapiga picha waone kama inapenya.

Otmari alikuwa chini ziwani. Nikasema nitakwenda na Editha. Mama mkwe akasema, "Utakwenda na mimi." Akavaa viatu vya Pasaka.

Tulifika asubuhi. Benchi limejaa. Ninyi mnaojua mabenchi haya mnajua kwamba kabla ya huduma husimama mtu wa afya kutoa elimu, na watu husinzia. Siku ile alikuwa nesi kijana, mcheshi, anatembea mbele yetu kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Leo tunaongea kuhusu dozi. Nani aliwahi kumgawia mtu dawa yake? Msiogope, hakuna polisi."

Watu wakacheka. Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Mimi humgawia mume wangu ya kichwa."

"Ya kichwa tutaongea baadaye. Naongea hizi za magonjwa ya zinaa. Unapewa, mumeo anapewa, kila mtu yake. Ukimpunguzia shangazi mwenye kikohozi, shangazi haponi, na wewe huponi. Mdudu amepigwa kofi tu, sasa amekasirika. Anapanda juu. Anaziba mirija. Kesho unakuja hapa kunililia hupati mtoto."

Mama mkwe alikuwa amekaa wima, kikapu cha chakula mapajani. Hakunigeukia. Nilimwona mkono wake ukiacha kuchezea mpini wa kikapu.

"Winfrida," akasema, kwa sauti ya kanisani.

"Naam, mama."

"Vilikuwa vya rangi mbili. Sivyo?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema hapana. Nesi alikuwa bado anaongea, watu bado wanacheka. Kipaji changu chote cha maelezo kilisimama pale tayari kwa kazi.

"Ndiyo, mama."

"Hakukuwa na uvimbe."

"Hakukuwa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei. Wakaita jina langu.

Kipimo kinauma. Wengine watakuambia kinasumbua kidogo. Watu hao hawajapimwa. Kinauma kama hedhi za mwaka mzima zilizoamua kuja siku moja. Pumua kwa mdomo, na kama yupo mtu wa kukushika mkono omba akushike. Mimi nilishikwa na mhudumu wa usafi aliyekuwa anapita na ufagio. Aliuegemeza ukutani, akanipa mkono, kisha akaendelea na kazi yake.

Daktari alinionyesha picha. Kizazi kilionekana vizuri, cheupe, kama pembetatu. Upande wa kushoto hakukuwa na kitu, maana hakuna mrija. Upande wa kulia weupe ulitoka, ukaenda kidogo sana, ukakoma.

"Hapa pameziba," akasema. Alikuwa na upole, hakuharakisha. Alitaja njia za mbali, za Dar es Salaam, za kupandikiza, na tulipotazamana wote wawili tukajua mimi ni mtu wa Namswea. Nikamshukuru. Nilitoka nikiwa nimeshika ukuta.

Mama mkwe alikuwa ananisubiri amesimama. Nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi na hakuna aliyethubutu kuikalia.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tusubiri kidogo, mama, tuone Mungu..."

"Winfrida. Mimi nimezaa, nimezika, nimezeeka. Niambie kama ilivyo."

"Pameziba. Sitazaa."

Hakulia. Alifungua kikapu, akatoa kiazi cha kuchemsha, akakimenya polepole, akanipa. Nikala, maana sikujua la kufanya na mdomo. Yeye hakula. Wakati wa kurudi, tulipofika Mbinga kubadilisha gari, kwenye ile stendi ninayoiogopa, ndiye aliyenishika mkono kama ananivusha mto.

Sasa niseme nilichokuja kusema, kabla sijachoka. Ukipewa dawa, uliza jina la ugonjwa. Usikubali "ya tumbo", usikubali "ya homa". Meza yote, hata ukipona kabla haijaisha. Usimpe mtu, hata anayekupenda, hata mwenye kidonda. Ukiambiwa mlete mwenzako, mlete. Korido ile ina aibu ya asubuhi moja, na mimi ningeibadilisha na hii yangu leo hii. Na kama mwenzako ndiye aliyeambiwa akulete na hakukuleta, nenda mwenyewe. Huduma ipo, haiulizi nani kaanza. Nimekwenda mara nyingi na sijawahi kutukanwa. Aliyenitukana ni mimi. Ukishafanya yote hayo, inawezekana bado umechelewa, kama mimi. Nenda hivyohivyo. Mimi sipati maumivu siku hizi ila mvua zikianza, na kipimo cha virusi, ambacho nesi alinilazimisha nikirudie, kimenikuta salama. Hayo nayashika kama mtu anayeshika chenji baada ya kuibiwa pochi.

Watoto hawaji, na ukoo una macho. Msimu wa kahawa uliopita, fedha za mauzo zilipoingia, baba mdogo wa Otmari aliitisha maneno kwenye sengu. Nilikuwa jikoni, ukuta ni wa miti na udongo, unasikia mpaka mtu akitafuna.

"Otmari," baba mdogo alisema, "mkeo ni mtu mwema, hana neno. Lakini nyumba haiendelezwi na wema. Tunaona utafute msaidizi."

Otmari alikohoa tu. Niliwaza, huyu mtu kazi yake ni kutojibu.

Mama mkwe alikuwa ameshapeleka ugali na jagi la maji ya kunawa, na kwa desturi angerudi jikoni. Hakurudi.

"Mama Otmari," baba mdogo akasema kwa heshima, "unaweza kutuachia."

"Hamjanawa."

"Tumeshanawa, shemeji."

"Naweni tena."

Nikasikia maji yakimwagika, mkono mmoja baada ya mwingine, wanaume wazima wananawa mara ya pili kwa sababu hakuna aliyejua afanye nini kingine. Alipomaliza kuwamiminia wote akasema, hakupandisha sauti:

"Mnamtafutia mke kwa sababu huyu hazai. Huyu aliletewa ugonjwa wa zinaa, na aliyemletea ni mwanangu, ameketi hapo. Dawa yake ilikuja, ikapita mikononi mwangu, nikaigawa. Kila aliyemeza atajijua." Kisha akamgeukia mume wake, ambaye katika miaka yote niliyokaa pale sijawahi kumsikia akimwita kwa jina, na siku ile pia hakumwita. "Wewe, kidonda chako kilikaukia kwenye tumbo la mtoto wa watu."

Kupitia ufa wa ukuta nilimwona baba mkwe akivuta ule mguu taratibu, akauingiza chini ya kigoda.

Habari ya mke wa pili iliishia hapo, na mpaka leo haijarudi. Otmari amerudi kulala chumbani. Tunalala kama mizigo miwili kwenye gari moja. Bado anateremka ziwani, na kila akipanda anakwenda kupima bila kuambiwa, ananionyesha majibu kabla hajavua viatu. Habari ya mtoto nayo haijarudi.

Siku ile mama mkwe aliingia jikoni na jagi tupu, akasimama mlangoni. Sikumshukuru. Wala sikuwa na neno baya. Nilisogea, nikampisha penye moto, akakaa.

"Wamesemaje, mama?" nikamuuliza, kama vile sikusikia.

Akanyoosha mikono yake miwili juu ya makaa, akaitazama pande zote.

"Hawajasema kitu," akajibu. "Wanakula."